CHEO CHA NCHI SI KIPIMO CHA MCHEZAJI

Mwingereza atakaye kazi katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo wilayani Tarime, au katika hoteli ya watalii wilayani Serengeti, huombewa kibali na mwajiri wake kwa Kamishna wa Kazi. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 yataka kujua mtu huyo ana ujuzi gani, kama Mtanzania mwenye ujuzi huo ametafutwa akakosekana, na jinsi Watanzania watakavyoandaliwa kuirithi kazi hiyo. Hakuna afisa amwulizaye nchi yake ni ya ngapi duniani kwa kuchimba dhahabu. Lau angeulizwa, Waingereza wachache sana wangeiona Nyamongo.

Kijana wa Tarime au wa Mugumu atakaye kwenda Uingereza kucheza mpira, yeye huulizwa swali hilohilo.

Januari 2010 klabu ya Manchester City ilimtaka McDonald Mariga, Mkenya aliyekuwa akiichezea Parma ya Italia. Alinyimwa kibali, kwa kuwa Kenya haikuwa miongoni mwa nchi 70 za juu katika orodha ya FIFA. Akaenda Inter Milan, na mwezi Mei mwaka huohuo timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Basi aliyeonekana hafai Manchester alifaa kwa mabingwa wa bara zima.

Baadaye kizingiti kikapandishwa hadi nchi 50. Hapo ndipo lilipomkuta shauri la Mbwana Samatta, Januari 2020, alipotakiwa na Aston Villa. Alikwisha kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wachezao barani, alikwisha kufunga mabao mengi katika ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Novemba 2019 alikuwa amewafunga Liverpool uwanjani kwao Anfield. Pamoja na hayo yote, Tanzania ilikuwa nje ya nchi 100 za juu, na kwa hiyo njia ya kawaida ilikuwa imefungwa kwake. Ilibidi atazamwe kama jambo la pekee. Machi mosi akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Je, bao lile lilifungwa na cheo cha Tanzania, au lilifungwa na Samatta?

Tangu mwaka 2021 Waingereza wanatumia mfumo wa alama, na mchezaji sharti afikishe 15. Wapo wanaousifu kuwa wa haki zaidi. Lakini atokaye katika nchi 10 za juu hupita moja kwa moja akicheza asilimia 30 tu ya michezo ya timu yake ya taifa, na ligi za dunia zimegawanywa mafungu sita, ya Tanzania ikiwa katika fungu la mwisho. Mwaka 2023 kilifunguliwa kipenyo: klabu ya Ligi Kuu yaweza kuchukua hadi wachezaji wanne wasiotimiza alama. Kipenyo hicho nacho hupanuka au kusinyaa kwa kadiri klabu inavyowachezesha Waingereza.

Hakuna anayewanyima Waingereza haki ya kulinda ajira za vijana wao. Tanzania hufanya vivyo hivyo, na inafanya vema. Tanzania, hata hivyo, humpima mtu kwa kazi yake. Uingereza humpima kwanza kwa bendera yake. Na ligi hiyohiyo haibagui inapopokea fedha: vibanda vya Sirari na Mugumu hujaa watazamaji wake kila Jumamosi, na mlangoni hakuna alama zinazohesabiwa isipokuwa za noti.

Kweli, yapo makosa ya nyumbani, na hayo hayafichiki. Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma, timu ya mkoa huohuo wa Mara, iliilaza Al Ahli Tripoli mabao 2-0 katika Kombe la Shirikisho la Afrika, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikatolewa. Mashindano ya bara ni sehemu ya alama zinazohesabiwa London. Hakuna Mwingereza aliyeizuia timu ile isipande ndege.

Lakini aibu ile haiihalalishi kanuni mbovu. Shirikisho la soka na wizara yenye dhamana ya michezo wanapaswa kuitaka Uingereza iondoe cheo cha taifa katika kipimo cha mtu mmoja mmoja. Uingereza ina ubalozi wake Dar es Salaam, na raia wake bado wanaombewa vibali vya kufanya kazi nchini, Tarime na Serengeti zikiwamo. Mazungumzo na yaanzie hapo.