Ufunguo Usio na Mwenyewe

Wako watu wa aina mbili wasemao juu ya michezo ya video, na wote wanaiharibu hoja. Wa kwanza ni wale ambao wakilisikia neno mchezo hugeuza nyuso zao, kana kwamba ngano, vitendawili na ngoma havikuwa michezo kabla ya kuingizwa katika vitabu vya wasomi. Wa pili ni wale waliouingia mchezo wakatoka wamelewa, nao husema kwamba mchezo huu wafundisha ushujaa, subira na uhuru. Kosa la hao wa kwanza ni uvivu, na mvivu aweza kuamshwa. Kosa la hao wa pili ni zito zaidi, maana wamekitazama kitu kwa macho yao wenyewe, kisha wakakipa jina lisilo lake.

Ushahidi wao mkubwa ni ufunguo. Husema: mtazameni Link, kijana wa upanga na ngao, aingiavyo pangoni peke yake, atafutavyo ufunguo gizani, afunguavyo mlango wa mwisho na kupambana na jitu. Je, hiyo si sura ya mtu ajikomboaye? Jibu ni kwamba siyo, na sababu zake zimo ndani ya ufunguo wenyewe.

Mfululizo wa The Legend of Zelda ulianza mwaka 1986 katika kampuni ya Nintendo ya Japani, nao ulitungwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Katika mchezo wa kwanza funguo zilikuwa ndogo na za namna moja. Uliopatikana katika pango hili uliweza kutumika katika pango lile, na aliyepungukiwa aliweza kununua mwingine kwa mchuuzi. Katika pango la nane mlikuwamo ufunguo mmoja wa ajabu uliofungua kila mlango wala usiishe. Mwaka 1991, katika A Link to the Past, mambo yakabadilika. Ukaja Ufunguo Mkubwa, wa ngome yake tu, wa kufungulia kasha kubwa na mlango wa jitu litawalalo humo. Mwaka 1993, katika Link's Awakening, ukaitwa Ufunguo wa Jinamizi, na juu ya huo zikawekwa funguo nyingine za kufungulia mapango yenyewe, zenye majina ya mkia, uso na ndege. Katika Ocarina of Time ya mwaka 1998 ukawa ufunguo wa mkuu wa pango, na jina hilo likashika. Baadaye watungaji waliona kwamba umezoeleka mno, wakaanza kuuchezea. Mwaka 2007 wakaufanya mkubwa hata Link aubebe kichwani kwa mikono miwili, asiweze kushika upanga. Mwaka 2011 wakaufanya kinyago cha umbo la ajabu, ambacho hapana budi kigeuzwe huku na huku hata kiingie katika tundu lake.

Katika mageuzi yote hayo, jambo moja halikugeuka ila mara chache: ufunguo haukutoka mkononi mwa mtu. Hukaa ndani ya kasha, na kasha hukaa ndani ya nyumba ileile ambayo mlango wake umefungwa. Adui amejifungia, kisha ameuacha ufunguo wake katika chumba cha jirani. Mtu awaye yote alijengaye jengo la namna hiyo hakutaka kuzuia; alitaka kuchelewesha. Mlango uliofungwa na mtu atakaye ufunguliwe ni adabu ya ujenzi tu, kama kizingiti. Na yule aufunguaye hakuasi amri ya mwenye nyumba. Ameitimiza.

Lugha ya Kiswahili ina jambo la kusema hapa. Chombo kimoja hufunga na kufungua, lakini Waswahili hawakukiita kwa kazi ya kufunga. Walikiita ufunguo, kutokana na kufungua, kitendo kitanguacho kufunga. Kutoka katika kufunga walitoa kifungo, wakatoa na mfungwa. Kufuli lilikuja na jina lake kutoka Kiarabu, likapokewa pamoja na kazi yake. Basi katika lugha hii ufunguo umesimama upande wa yule aliyefungwa, kinyume cha yule aliyefunga. Mtu aweza kusema kwamba huko ni kuyabebesha maneno mzigo yasiouweza. Walakini ngano zinauunga mkono mgawanyo huo.

Katika kitabu Zanzibar Tales, kilichotolewa na George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901, imo ngano ya mchawi na mwana wa sultani. Mchawi asafiri, amwachia kijana funguo zote za nyumba. Kijana afungua chumba cha kwanza, akuta dhahabu ya majimaji, atia kidole. Dhahabu yaganda. Afuta, asugua, haitoki. Hata mchawi arudipo, kijana amekifunga kidole kitambaa naye asema amejikata. Safari ya pili afungua vyumba vingine: mifupa ya mbuzi, mifupa ya kondoo, ya ng'ombe, ya punda, ya farasi, kisha mafuvu ya watu. Katika chumba cha saba amo farasi mzima, naye ndiye amwambiaye kwamba bwana wa nyumba hii ni mla watu.

Msomaji na apime tofauti. Funguo hizi zina mwenyewe. Zimetolewa kwa mkono, kwa amana, na mwenye kuzitoa ni adui aliyevaa sura ya mlezi. Kila mlango wamwongezea kijana elimu ambayo hakuitaka, na wa kwanza wamwachia alama mwilini na uwongo mdomoni. Baada ya kufungua hawezi kuwa yule aliyekuwa kabla. Ufunguo mdogo wa Link, ukiisha kutumika, hutoweka. Mkono wake hubaki safi. Hakuna aliyemwamini, basi hakuna aliyemsaliti, wala yeye hakumsaliti mtu. Hiyo ni risiti ya kazi iliyokwisha kufanywa, na risiti haifundishi ushujaa.

Wasifuo watasema kwamba ngano ni ngano na mchezo ni mchezo. Basi na waiache ngano, waende Dakawa. Kaskazini mwa mji wa Morogoro, karibu na mto Wami, mahali ambapo leo msafiri wa Dodoma huona mashamba ya mpunga, serikali ya Tanzania ilikipa chama cha African National Congress ardhi mwaka 1982, kwa sababu Mazimbu palikuwa pamekwisha kuwa padogo kwa wakimbizi wa Afrika Kusini waliozidi kufika. Makazi hayo mawili yalirudishwa kwa Tanzania mwaka 1992. Shule ya Mazimbu iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, na jina hilo limebaki hata sasa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mahlangu alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, naye alikuwa na umri wa miaka 22. Katika nyumba ile hapakuwa na kasha lenye ufunguo chumba cha pili.

Mwaka uleule, katika mji uleule, tarehe 11 Desemba, wafungwa watatu wa siasa walitoka gerezani: Tim Jenkin, Stephen Lee na Alex Moumbaris. Jenkin na Lee walikuwa wamehukumiwa mwaka uliotangulia, mmoja miaka 12 na mwingine miaka 8, kwa kosa la kueneza karatasi za chama kilichopigwa marufuku. Kazi yao inastahili kutazamwa polepole. Jenkin aliziangalia funguo zilizoning'inia viunoni mwa walinzi, akazipima kwa jicho. Akachonga mfano wake kwa mbao katika karakana ya useremala, karakana ya gereza lenyewe. Akajaribu, akakosea, akachonga tena. Mlango wa nje wa chumba chake tundu lake lilikuwa upande wa pili, basi akatengeneza mtambo kwa mpini wa ufagio ili mkono wake ufike mahali ambapo mkono haufiki. Denis Goldberg, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1964, alisaidia kumshughulisha mlinzi, naye akabaki ndani. Milango ilikuwa 10. Wa mwisho haukukubali ufunguo wowote, wakauvunja kwa patasi.

Hapo ndipo sifa ya uhuru katika ufunguo wa Link huanguka. Ufunguo wa mbao ulitengenezwa kinyume cha matakwa ya aliyejenga, kwa miti yake na kwa zana zake. Ulihitaji mwenzi ambaye hakutoka. Na mwisho wake ulikuwa mlango usiofuata kanuni. Kijana wa Dakawa akiambiwa kwamba Link amefanya jambo la jinsi hiyo, amedanganywa juu ya historia iliyopita mlangoni pa nyumba yao.

Haki lazima itendeke hata kwa yule anayepingwa. Mara moja mfululizo huu ulikaribia. Katika Twilight Princess ya mwaka 2006, wazee watatu wa kabila la Goron wanampa Link kila mmoja kipande cha ufunguo, na mkono wa mtu waonekana. Katika mchezo huohuo imo nyumba kuu iliyo magofu, mlimani penye theluji. Yeta, mke mgonjwa aketiye mbele ya moto, amwonyesha Link katika ramani mahali ufunguo wa chumba cha kulala ulipo. Link apigana, afika, afungua kasha: boga. Arudi, aonyeshwa mahali pengine, apigana tena: jibini. Mume wa Yeta avitia katika mchuzi uliomo jikoni, na mchuzi wazidi kuwa mtamu. Mara ya tatu ufunguo wapatikana, Yeta aongozana na mgeni wake mpaka chumbani, na mle ndani kioo kilaanifu chamgeuza kuwa lile jitu ambalo Link hana budi kupambana nalo. Huu ni ufunguo wenye mwenyewe. Umetolewa na mtu, kwa makosa ya mtu, na mlango wake wamdhuru aliyeutoa. Mchawi wa Unguja angalitambua nyumba hiyo.

Wasifuo hawautaji ufunguo huo wasifupo uhuru. Huutaja kama kichekesho, kwa ajili ya boga. Na mwaka 2017, watungaji walipouondoa ufunguo wa mkuu kabisa katika Breath of the Wild, sifa zilikuwa nyingi zaidi, wala hakuna aliyeuliza jinsi kitu kilichosemwa kuwa ni moyo wa ushujaa kilivyoweza kuondolewa na ushujaa usipungue.

Ama wale wa kwanza, wageuzao nyuso, wao nao wana sehemu yao katika uharibifu huu. Mwanafunzi aletapo pendekezo la kuandika juu ya mchezo wa video katika idara ya fasihi, na mwalimu akamwambia alete jambo la maana, mwanafunzi huyo haachi kucheza. Huacha kuuliza. Hurudi kwa wasifuo, ambao hawana ngano ya vyumba saba, hawana habari za Mazimbu, wala hawaoni ajabu yoyote katika adui aachaye ufunguo wake ndani ya kasha.