Mahasimu wa magari wapatana, fundi wa Gusii abaki nje

MSAFIRI atokaye mjini Kisii kuelekea Nyamira au Keroka hana haja ya kuuliza atapanda gari gani. Ni Probox. Gari hili la Toyota, lililoundwa kubebea bidhaa za wafanyabiashara wa Japani, huku Gusii limegeuzwa teksi ya vijijini, ya kubeba abiria na ndizi, aghalabu kupita kiasi kinachoruhusiwa na sheria.

Wachache wanajua kwamba gari hilo huvaa pia nembo ya hasimu. Mnamo 2018 Mazda ilianza kulinunua kutoka kwa Toyota na kuliita Familia Van. Awali Familia hiyo ilikuwa Nissan AD iliyobadilishwa jina. Mwaka huo huo Probox ya mseto, inayotumia petroli na umeme, ikazinduliwa.

Mapatano haya yana historia. Mwaka 2002 Toyota ilikubali kuiuzia Nissan mitambo ya mseto. General Motors, DaimlerChrysler na BMW, zikihofia kuachwa nyuma, ziliunganisha wahandisi wao mwaka 2005. Kisha Aprili 2019 Toyota ikatangaza kwamba hataza zake takriban 24,000 zingetumiwa bila malipo hadi mwisho wa 2030. Huo si ukarimu mtupu: ushauri wa kiufundi ungelipiwa, na kadiri wapinzani wanavyonunua mitambo yake ndivyo gharama ya kuiunda inavyopungua.

Gusii ina la kufaidi. Gari la mseto hurejesha umeme betrini dereva anapofunga breki, na miteremko ya huku ni mingi. Kwa dereva anayeanza hesabu ya jioni kwa kutoa pesa za petroli, hilo si dogo. Tena Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, kwa hivyo magari ya mseto yataendelea kuongezeka.

Lakini hataza zilifunguliwa kwa viwanda, si kwa fundi wa jua kali aliyezoea kuitambua hitilafu ya injini kwa mlio wake. Betri hiyo ina umeme unaoweza kuua, na kuipima kwahitaji kompyuta.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kisii na Nyamira, kila moja peke yake, zitalemewa na gharama ya karakana kama hiyo. Zingeweza kuijenga pamoja, tena papo hapo Keroka, mji wa mpakani ambao zimeugombania miaka mingi.