Likizo ya Uzazi Imekwisha: Nani Anabaki na Mtoto?

Asubuhi kwenye daladala ya kutoka Fuoni kwenda Darajani, si ajabu kumkuta mama kijana kapakata mkoba, macho mekundu. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi ofisini. Mtoto kamwacha kwa bibi yake, na kifua kimeshaanza kujaa kabla hajafika kazini.

Tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na Aya ya 233 ya Suratul Baqarah inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na kila mama aisome pamoja na mkataba wake kabla hajajifungua, si baada.

Aya hiyo wengi tunaikumbuka kwa ile miaka miwili tu. Lakini humo humo baba amebebeshwa chakula na mavazi ya mama, ikakatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe, na kumwachisha mtoto mapema kukawekewa sharti la kuridhiana na kushauriana. Yaani mashauriano ni ya wawili. Tunachokiona majumbani ni mume kusema, "Wewe ndiye uliyetaka kazi," kisha mshahara wa dada wa kazi, nauli na kopo la maziwa vyote vikatoka kwenye mkoba wa mke. Mshahara wa mke ni mali yake. Matunzo ya mtoto yako juu ya baba. Mke akichangia kwa ridhaa yake ni ihsani, na katika Hadithi ya Zaynab, mke wa Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, anayewatolea jamaa zake ana malipo mawili. Ihsani haidaiwi.

Kwa upande wa mwajiri, sheria ya Bara inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Kwa anayekaa shamba na kufanya kazi mjini, saa hizo zitaishia barabarani. Bora aombe kwa maandishi ziwekwe mwisho wa siku, atoke mapema, na mchana apatiwe chumba chenye mlango wa kufungwa akamue kwa sitara. Si chooni, jamani.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne nje ya friji penye nyuzijoto 25 au chini yake. Joto letu mara nyingi hupita hapo, basi yawekwe kwenye barafu mara moja.

Liko jambo jingine, na hili halisemwi sana. Mtoto akipelekwa kwa jirani anayelea watoto watatu wanne, chupa huchanganyika. Katika madhhebu ya Shafii tunayoifuata wengi wetu, kunyonya mara tano tofauti kabla ya kutimia miaka miwili kunaleta undugu wa kunyonya, na maziwa ya kwenye chupa yana hukumu hiyo hiyo. Undugu huo huharamisha ndoa kama unavyoharamisha wa nasabu. Hivi visiwa ni vidogo. Watoto hao watakua mtaa mmoja na huenda miaka ishirini baadaye wakaposana. Basi kila chupa iandikwe jina. Ikitokea mtoto kapewa maziwa ya mama mwingine, iandikwe mara ngapi na ya nani, familia zote mbili zijulishwe, na sheikh aulizwe wakati huo huo, mashahidi wangali hai na wanakumbuka. Wallahu a'lam.