Anasa ni Ipi?

Wapo wasemao kwamba India, nchi yenye maskini wengi, yafanya anasa kwa kutafuta roketi itumikayo tena na tena. Sisi twakataa. Anasa ni kuitupa baharini mali ya umma baada ya safari moja! Nahodha gani huzamisha jahazi lake kila ashushapo shehena?

Roketi ya kwanza kurushwa Thumba, mwaka 1963, ilitoka Marekani. Tarehe 22 Machi 2024, huko Karnataka, helikopta ilikiachia angani, kimo cha kilomita 4.5, chombo chenye mabawa walichokiunda Wahindi wenyewe; nacho kikatua bila rubani. Kilikuwa cha majaribio tu, hakikwenda kuizunguka dunia. Lakini walikiita Pushpak, kwa jina la gari lirukalo la Ramayana, wala hawakuomba jina kwa wageni.