Mahari Yangu Iliishia Gereji



Leo siongelei liwa wala udi. Naongelea gari. Najua wengine mtataka kuondoka, lakini wewe unayeolewa mbali na kwenu, kaa kidogo tuzungumze.

Mimi nilitolewa Unguja nikapelekwa Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba asubuhi unavaa sweta ndani ya baibui na bado meno yanagongana. Mume wangu kazi yake iko chini, bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Muze, anapanda mjini mwisho wa wiki. Kwa hiyo kigari chetu, Toyota IST ya mkono wa pili, nilikuwa nalo mimi.

Mwezi wa tatu wa ndoa likaanza kutetemeka. Likienda barabarani, salama. Nikisimama tu, injini ikabaki kwenye sailensa, usukani unatikisika na tasbihi niliyoitundika kwenye kioo inacheza.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Shemeji, hii gari ya pwani, haijazoea milima." Akabadilisha plagi. Wiki ya pili akasema ni maunti za injini, akaweka mpya. Wiki ya tatu akataka koili zote nne. Pesa niliitoa kwenye mahari yangu, kimyakimya, kwa sababu niliona haya kumwambia mume kuwa nimeshindwa kuangalia gari. Laki nne na nusu ikaenda, na gari linatetemeka vilevile. Jirani akaanza kuninong'oneza habari za husda. Na mji wenyewe ndio huo, wanaosema jina lake maana yake ni "tupa uchawi"! Mimi naamini kuwa jicho lipo. Lakini kabla ya kumshuku mtu, fungua boneti.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi ambaye aliniuliza kwanza, kisha ndipo akashika spana. Linatetemeka ukiweka D peke yake, au hata N? Ukikanyaga mafuta kidogo, tetemeko linapungua? Taa ya injini imewaka?

Nilikuja kujua baadaye kwa nini aliuliza hayo. Maunti ni zile raba zinazobeba injini. Zikichoka, mara nyingi mtikiso huzidi ukiwa D umekanyaga breki, ukirudisha N hupungua, na mlio wa injini hubaki sawa. Langu lilitikisika D na N, na mlio ulikuwa wa kukatakata, kama mtu mwenye kwikwi. Maana yake injini yenyewe haichomi vizuri. Hizo maunti zangu za zamani huenda zilikuwa nzima kabisa, na sitajua, kwa sababu sikuomba nirudishiwe.

Koili nazo hazibadilishwi zote kwa kubahatisha. IST ina silinda nne na kila moja ina koili yake. Fundi anazima injini, anachomoa waya wa koili moja, anawasha na kusikiliza. Injini ikizidi kuyumba, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, hapo ndipo penye ugonjwa. Kisha anahamisha koili ile silinda ya pili: tatizo likihama nayo, koili ni mbovu, likibaki palepale, atazame plagi au nozeli. Ni kazi ya dakika chache, haitaki mahari.

Kwangu silinda zote nne zilijibu. Mzee akainamisha sikio, akasikia mluzi mdogo. Mpira mwembamba wa upepo unaoingia kwenye manifoldi ulikuwa umepasuka. Hewa inayopita pale haipimwi, mafuta hayalingani nayo, injini inakosa. Kwenye sailensa hewa inayohitajika ni kidogo, kwa hiyo ufa mdogo unaharibu hesabu yote. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi inaingia kwa njia yake na ufa haujulikani tena. Ndiyo maana barabarani lilikuwa zima. Mpira mpya ulikuwa wa elfu chache tu.

Na ile hadithi ya milima? Kweli, huku hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Forodhani, na gari lolote lisilo na turbo litachoka zaidi likipanda. Gari la zamani la kabureta litakula mafuta mengi na plagi zitakuwa nyeusi. Lakini gari la kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli lenyewe. Mwinuko peke yake haulitetemeshi likiwa limesimama.

Wapo watakaosema gereji si mahali pa bibi harusi. Mimi siafiki. Pale ni uwanja wa wazi, watu wanapita, umevaa stara yako na unasimamia mali. Somo yangu alinifundisha siku saba nzima namna ya kufukiza chumba, Allah amlipe kheri, na kuhusu kumwambia fundi "nionyeshe kwanza" hakusema neno. Mahari ni haki yako, hakuna wa kuigusa bila ridhaa yako. Kwa nini uitoe kwa mtu anayebahatisha? Fundi akitaja kifaa, muulize amejuaje. Akibadilisha, chukua cha zamani mkononi. Na taa ya injini ikiwa inawakawaka, si kuwaka tu, egesha uzime: petroli isiyochomeka inakwenda kuunguza kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi, na hicho bei yake ni ya kulia.

Mume nilimwambia Ijumaa ile aliporudi. Hakukasirikia pesa. Alikasirika kwamba nilikaa na wasiwasi wiki tatu peke yangu, kisha akaniuliza ule mpira uliopasuka uko wapi. Nilikuwa nao kwenye mkoba.