Chumba cha kupanga nacho ni nyumba

Kuna neno moja ambalo limeharibu nyumba nyingi hapa Karagita kuliko mvua na kunguni wakiwekwa pamoja. Neno lenyewe ni "nyumbani". Muulize mfanyakazi wa shamba la maua kwa nini chumba chake hakina hata meza, naye atakujibu kwamba vitu vizuri atanunua akirudi nyumbani. Nyumbani ni Kisii, ni Busia, ni Kakamega, ni Siaya, ni Kitui. Hapa yeye yuko kazini tu. Lakini ukizidi kumdadisi utagundua kwamba amekuwa kazini tu kwa miaka kumi na miwili, kwamba watoto wake watatu wamezaliwa katika chumba hicho hicho, na kwamba huko nyumbani hufika wakati wa Krismasi kwa siku tano, tena ikiwa nauli haikupanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu bwana jembe alipewa zamani sana, na bado anakalia ndoo iliyopinduliwa.

Mimi naishi Karagita, na maoni yangu ni kwamba desturi hii ya kuishi kama msafiri katika chumba unachokilipia kodi kila mwezi ni hasara, na wanaoipata hasara hiyo kwanza ni watoto. Simwambii mtu akope fedha anunue makochi mapya. La, hasha! Nasema chumba kinaweza kutengenezwa kikapendeza kwa vitu vilivyokwisha tumika na kwa kazi ya mikono, kwa fedha ambazo mtu wa mshahara wa maua huwa nazo baada ya kulipa kodi na unga.

Kwa msomaji asiyepajua, Karagita ni mtaa ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, karibu na mji wa Naivasha, na umekua pamoja na mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa. Vyumba vingi ni vya mabati, vimepangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango, na kila kimoja ni kama futi kumi kwa kumi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchana mabati huwaka na usiku hupoa yakawa kama barafu. Chumba hicho kimoja ndicho jiko, ndicho sebule, ndicho malazi ya baba, mama na watoto. Mawaridi yanayokatwa hapa asubuhi huenda kupamba meza za watu huko Uholanzi na Uingereza, na aliyeyakata hurudi jioni kwenye chumba kisicho na meza ya kuwekea hata ua moja.

Najua jibu nitakalopewa, na si jibu la kijinga. Mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, watu wa Naivasha waliona vitanda na makochi ya jirani zao yakichomwa barabarani. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga soko la Ulaya, maua yalitupwa na maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa wakae kwao bila kujua wataitwa lini. Mwaka huo huo ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, na watu wakatoa vyombo vyao majini. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kusema kwamba vyombo ni mzigo.

Lakini tufikiri vizuri. Aliyenunua meza iliyotumika kwa shilingi 1,000, msiba ukimpata, amepoteza shilingi 1,000. Aliyechukua makochi mapya kwa mkopo amepoteza makochi, na deni limebaki naye. Kwa hiyo mashaka ya Naivasha ni sababu ya kuogopa madeni, wala si sababu ya kuogopa meza. Ninapowashauri watu huwaambia wachague kitu ambacho watu wawili wanaweza kukiinua na mkokoteni mmoja ukakibeba. Kabati la milango mitatu halifai Karagita, hata likiuzwa kwa bei ya bure.

Sasa, kitu cha kwanza kununua ni kipi? Hapa ndipo ninapogombana na akina mama. Jirani yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kupanga mawaridi kwa urefu wa shina, alikuwa ameweka akiba ya shilingi 4,000. Chama chake kilikuwa kije kukaa kwake mwisho wa mwezi, naye alitaka kochi la watu watatu.

"Mzee, wageni watakaa wapi?" akaniuliza.

"Mama, na huyu kijana anaandika wapi?" nikamjibu.

Kijana mwenyewe, wa gredi ya sita, alikuwa amepiga magoti sakafuni, daftari liko juu ya kitanda, na kila mdogo wake alipojigeuza kalamu ilichora mstari katikati ya hesabu. Mama alinyamaza. Wageni wa chama huja mara moja kwa miezi kadhaa. Mtoto huandika kila siku. Mwishowe alinunua meza ndogo na stuli mbili kwa fundi wa kando ya barabara, akabakiwa na fedha, na wanachama walikuja wakakalia kitanda na viti vya kuazima. Sikusikia kwamba chama kimevunjika.

Watu wanapenda kochi kwa sababu kochi linaonekana mtu akifungua mlango, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini katika chumba cha futi kumi kochi kubwa hula theluthi ya nafasi, na mtoto akihamishiwa kulala juu yake, mgongo wake unajifunza kupinda mapema.

Ikiwa ni lazima ununue kochi, basi lijue. Usilitazame kwa mbele, kwa maana kitambaa cha mbele ndicho kinachodanganya. Lipindue. Shika mguu mmoja uutikise. Kiungo kikilia, gundi imekufa. Tazama kama kuna unga laini wa mbao umeanguka chini yake, kwani huo ni unga wa wadudu wanaotoboa mbao, na ukilipeleka nyumbani watahamia kwenye kitanda. Linyanyue upande mmoja ulipime uzito. Tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, mbao zilipanda bei, na baadhi ya mafundi wakaanza kuficha chini ya kitambaa vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa misumari. Zuio hilo lilitangazwa kuondolewa mwaka 2023, lakini makochi yaliyotengenezwa wakati ule bado yanauzwa. Kochi kuukuu la mbao nzito, hata sponji yake ikiwa imekwisha, lina thamani kuliko hilo jipya jepesi. Sponji hubadilishwa. Mbao hazibadilishwi.

Halafu kunguni. Tusione haya kumtaja, maana hakuna ploti isiyomjua. Kunguni hukaa kwenye mishono, katika nyufa za viungo, nyuma ya kitambaa cha chini, naye huacha vidoadoa vyeusi mfano wa wino. Anaweza kukaa miezi bila kunywa damu, kwa hiyo muuzaji akikuambia kochi limekaa stoo mwezi mzima bila mtu, hiyo si dawa. Dawa yake ni moto wa kutosha. Vua vitambaa vyote uvichemshe. Mwagia viungo vya mbao maji yanayochemka, ufa kwa ufa, nje ya nyumba, kisha uanike juani, na baada ya wiki moja urudie kwa sababu mayai huanguliwa. Sponji iliyo na vidoa itupe, usiihurumie. Wako wanaoleta dawa ya mashambani katika chupa ya soda wakanyunyizia vitanda wanavyolalia watoto. Jambo hili ni la hatari kubwa na lazima likomeshwe. Dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya maua, na hata shambani wanaoipuliza huvaa vinyago na glavu.

Kwa kuwa nimegusa vitu vya mashambani, niseme na haya. Mitungi ya dawa za mimea usiilete nyumbani hata ukiisafisha mara saba, wala si ya maji, wala si ya kupandia maua mlangoni. Karatasi kuukuu za nailoni kutoka kwenye vivungulio, ambazo wengine huzitandika sakafuni mahali pa mkeka, zimenyunyiziwa dawa miaka na miaka. Mtoto anayetambaa asizikaribie. Lakini paleti za mbao zinazotumiwa kubebea mizigo ni mali nzuri. Ziangalie muhuri uliochomwa ubavuni. Zenye herufi HT zilikaushwa kwa joto, nazo ni salama. Zenye MB zilifukizwa kwa dawa ya methili bromidi, hizo ziache. Paleti mbili nzuri, msasa, vanishi na misumari ya inchi mbili zinatosha meza ya mtoto na rafu ya vyombo. Meza ya jirani yangu ilitoka kwenye paleti.

Kuhusu kupiga msasa vitu vilivyopakwa rangi zamani, ujue kwamba rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi. Lowesha kwanza, fanya kazi nje, na watoto wakae mbali mpaka umefagia.

Kuta ni hadithi nyingine. Tangu nilipohamia hapa nimeona kuta zilizobandikwa magazeti, kuta za kalenda za miaka iliyopita, na kuta za katoni za maua zenye maandishi ya kigeni yaliyopinduliwa juu chini. Katoni huzuia baridi ya usiku, nami nazisifu, ila si karibu na jiko. Mabati yamebanana, na chumba kimoja kikishika moto mstari mzima huteketea. Acha futi tatu za ukuta mtupu pande zote za jiko, na hapo paka rangi ya mafuta peke yake. Dari nzuri kabisa niliyoiona Karagita ilikuwa ya magunia meupe ya sukari, yaliyofuliwa, yakaunganishwa kwa mkono na kuvutwa yakakaza kwa kamba. Ilikuwa safi kama ya hoteli, nayo ilipunguza kelele ya mvua juu ya mabati hata watu wakaweza kuzungumza. Mwanamke aliyeishona alitumia sindano ya magunia na jioni nne.

Vitambaa vya kufuma sivipingi, ingawa nashangaa redio ikivalishwa vizuri kuliko mwenye nyumba. Pazia la kugawa chumba ndilo la maana zaidi. Leso mbili zilizoshonwa pamoja zikapita kwenye waya humpa msichana mkubwa mahali pa kubadilishia nguo, na jambo hilo si urembo, ni heshima yake.

Lipo jambo moja linalonisumbua katika biashara hii ya vitu vilivyotumika. Vitu vizuri hutoka kwa watu wanaoondoka, na wengi hawaondoki kwa furaha. Kandarasi imekwisha, au mtu ameugua, au kodi imemshinda. Mwaka 2020 vitanda viliuzwa hapa kwa nauli ya basi tu. Jirani akikutolea meza yake alfajiri, gari linamngoja, nawe unajua wiki iliyopita alitaka shilingi 1,500, usimpe 400 kwa sababu tu hana la kufanya. Nunua kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungeikubali. Siku yako ya kupakia mkokoteni itakapofika, walio ndani ya ploti watakuwa wanakumbuka.

Na wenye nyumba nao wasikie. Wapo wanaokataza hata msumari mmoja, na wapo ambao mpangaji akipaka chumba rangi kwa fedha zake, mwezi wa pili wanapandisha kodi kwa kuwa chumba kimekuwa kizuri. Huo ni unyang'anyi. Mwenye ploti mmoja nilimweleza kwamba mpangaji akileta rangi, inafaa yeye apunguze bei ya rangi hiyo kwenye kodi, maana ukuta ni wake. Akacheka akasema wapangaji wa Karagita hawakai. Nilimtajia mlango wa tatu, wa miaka kumi na minne, na mlango wa saba, wa miaka tisa. Akasema atafikiri. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za masika, na rangi ya mafuta haikauki vizuri penye unyevu, kwa hiyo tunamngojea mpaka jua litoke.