Duka la wanafunzi lipimwe kwa daftari, si kwa rangi

Mashindano ya shule ambayo wanafunzi hutakiwa kutengeneza duka la mtandaoni ni jambo jema. Kijana anayetengeneza tovuti ya kuuzia bidhaa hujifunza kwa wakati mmoja lugha, hesabu, uchoraji na kazi ya ushirikiano. Lakini yafaa walimu na maofisa elimu wanaoyasimamia mashindano ya namna hii wajiulize swali moja mapema: ni kitu gani hasa kinachopewa maksi? Mwanafunzi hukazania kile anachojua atapimwa nacho, na kisichopimwa hukipuuza.

Huko Marekani, chama cha wanafunzi wa biashara kiitwacho FBLA, ambacho tawi lake la kwanza lilifunguliwa Johnson City, jimbo la Tennessee, mwaka 1942, kwa miaka mingi kilikuwa na shindano lililoitwa E-Business. Wanafunzi walitengeneza tovuti ya biashara, kisha wakaieleza mbele ya waamuzi. Mfano huo unafaa kuigwa. Hata hivyo, anayeuiga hana budi kutambua kwamba mwamuzi aliyekaa mbele ya kompyuta huona sura ya duka tu. Huona nembo, picha na kikapu cha manunuzi kinachojaa kinapobonyezwa. Haoni kama nyuma ya picha ile ya chupa ya asali kuna asali.

Duka ni ahadi, na ahadi ni deni. Anayeweka bei mbele ya mnunuzi ameahidi kwamba bidhaa ipo, kipimo chake ni sahihi, itafika, na fedha itakayolipwa itaandikwa. Hayo manne ndiyo duka lenyewe. Mengine yote ni kibao cha mlangoni.

Historia ya biashara hii inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1979 mvumbuzi mmoja wa Uingereza, Michael Aldrich, aliunganisha televisheni ya nyumbani na kompyuta kwa njia ya waya wa simu. Mwaka 1984, katika mji wa Gateshead, bibi mwenye umri wa miaka 72, Jane Snowball, alitumia mtambo wa aina hiyo akiwa kitini kwake kuagiza majarini, mayai na kornfleksi kutoka duka la Tesco. Mpango huo ulikusudiwa kuwasaidia wazee na watu wenye taabu ya kutembea. Bibi huyo hakuonyeshwa picha za kupendeza. Aliona orodha ya maandishi kwenye kioo cha televisheni. Lakini bidhaa zake zilimfikia nyumbani, na kwa sababu hiyo habari yake inasimuliwa hadi leo.

Hapa nchini nako somo hilo si geni. Watumishi na walimu wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ilipoamuliwa kwamba maduka ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi vijijini. Nia ilikuwa kuwaepusha wananchi na ulanguzi. Lakini mahali palipokosekana mweka hesabu, mtunza stoo na usafiri, duka lilibaki jengo lenye rafu tupu. Wananchi hawakulihukumu kwa uzuri wa rangi ya kuta zake. Walilihukumu kwa kuuliza kama sukari ipo.

Liko jambo jingine zito zaidi. Tapeli naye anajua kutengeneza ukurasa mzuri. Hupachika picha ya friji au ya simu, hutaja bei ya chini, hupokea fedha kwa simu, kisha hatoweka. Watu wengi wamejifunza kwa uchungu kwamba duka la mtandaoni lenye sura nzuri kuliko yote linaweza kuwa halina hata kijiko cha kuuza. Sasa ikiwa shule itawapa vijana zawadi kwa sura peke yake, itakuwa imewafundisha nusu ya kazi, na kwa bahati mbaya nusu hiyo ndiyo ile ile aijuayo tapeli. Nusu iliyobaki, yaani uaminifu unaoweza kukaguliwa, ndiyo inayomtofautisha mfanyabiashara na mwizi.

Kwa hiyo mashindano haya hayana budi kupanuliwa kidogo. Kila kikundi kianze na bidhaa halisi ambayo shule inayo au inaweza kuitengeneza: maharage ya shambani, mayai, sabuni, batiki, viti vya karakana. Kiuze kwa wanunuzi wachache wanaofahamika, kwa mfano wazazi na watumishi wa ofisi za jirani. Oda kumi zinatosha. Kisha waamuzi wafungue tovuti wakiwa na daftari la stoo mkononi. Je, yaliyoandikwa katika tovuti yanalingana na yaliyomo stoo? Wanunuzi wawili wakiagiza trei moja ya mwisho ya mayai kwa saa ile ile, nani atapewa, na mwingine ataambiwa nini? Kilo moja ya maharage ni kilo moja kwenye mizani? Bei imeonyesha gharama ya usafiri, au mnunuzi ataishtukia mlangoni? Kila shilingi iliyoingia ina stakabadhi?

Maswali hayo yanakwenda pamoja na sheria za nchi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajieleze wazi kwa mnunuzi, yeye ni nani na anapatikana wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, inalinda taarifa za watu, nayo namba ya simu ya mnunuzi ni miongoni mwa taarifa hizo. Mwanafunzi anayefundishwa mapema kwamba orodha ya wateja si karatasi ya kutupwa hovyo atakuwa mtumishi bora popote atakapofanya kazi. Aidha, fedha za mauzo ziingie katika akaunti ya shule, wala zisipitie katika simu ya mwalimu. Utaratibu huo humlinda mwalimu kabla ya kumlinda mtu mwingine yeyote.

Wapo watakaosema kwamba shindano ni la kompyuta, na kwamba kuongeza mizani na leja ni kuwatwisha watoto mzigo wa watu wazima. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani vipindi ni vichache na walimu wana kazi nyingi. Lakini ifikiriwe pia shule ya kijijini yenye kompyuta moja na umeme wa kubahatisha. Shindano likiwa la rangi na picha zinazocheza, shule hiyo imeshindwa kabla ya kuanza. Likiwa la bidhaa, kipimo na hesabu, inaweza kusimama sawasawa na shule ya mjini, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa kalamu na daftari.

Tena si wazo jipya. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, ilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi za shamba la shule na kuyajua mapato na matumizi yake. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 nao umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Duka la mtandaoni linaweza kuwa mahali ambapo shamba, karakana, somo la hesabu na kompyuta vinakutana.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakuu wa shule na maofisa elimu wanaopanga mashindano ya namna hii waanze na jambo jepesi: nusu ya maksi iwekwe kwenye daftari la stoo, stakabadhi na maneno ya wanunuzi wenyewe. Kikundi ambacho tovuti yake ni ya kawaida lakini oda zake zote kumi zimefika, na hesabu zake zinalingana, ndicho kinachostahili kikombe.